Mama, Umeonekana Ukifukuza Kuku

Mama,

Naanza na kuku, maana nakujua, ungeulizia kuku kabla hujaulizia watu. Wapo. Yule mwekundu mwenye kiherehere aliondoka na ugonjwa wa kideri, waliobaki wanapanda juu ya ulezi ulioanikwa kana kwamba nyumba hii haina mwenyewe. Kaspari ameezeka jiko kwa bati, ndiyo, mdogo wangu huyo huyo uliyesema hatashika nyundo maisha yake. Mahindi mwaka huu si haba. Haya, mazuri yameishia hapo. Sasa nisikilize habari ya ile filamu yako, maana nimeibeba mpaka kichwa kinaniuma, na kila nikifungua mdomo Kaspari ananiambia, "Dada, achana nayo."

Siachani nayo. Imetoka, Mama. Ulitufia ukiisubiri, kifua kimekubana, maneno hayatoki vizuri, lakini akiingia mtu kutoka mjini unamuuliza, "Mkanda haujafika?" Umefika. Afadhali usingefika.

Ngoja nirudi nyuma, kwa sababu hasira yangu ina mpangilio wake. Wale watu walipotokea Dar na gari lao la kukodi, hapa Kaengesa tulidhani ni wanunuzi wa mahindi, maana siku hizi kila mwenye gari ni mfanyabiashara. Kumbe wanatafuta wachawi. Filamu ya mizimu, wakasema, ya maajabu, na maajabu yote ya nchi hii yako Sumbawanga. Watu wa Dar wana shida gani, Mama? Sisi kutwa tumeinamia jembe, Jumapili tuko kanisani, mvua ikinyesha barabara haipitiki, halafu wao wakifumba macho wanatuona tunapaa. Ningekuwa napaa ningekuwa nasubiri lori la mahindi ndipo nifike mjini Majengo kununua sabuni?

Dereva wao akaegesha gari juu ya ulezi wako. Hapo ndipo ulipoingia kwenye filamu bila kujua. Ulitoka jikoni na mwiko mkononi ukamfokea, sauti yako ikaenda mpaka ng'ambo ya bonde ikarudi. Yule kijana wa miwani, ambaye hakuitikia jina lolote ila Dairekta, badala ya kuomba radhi akapiga makofi. "Mama, sauti hiyo! Hiyo hiyo ndiyo nimeitafuta njia nzima!" Ukasahau na ulezi. Ukamkaribisha chai.

Ukapewa kuwa Mlinzi wa Pango. Mfalme mbaya wa mizimu anakuja kuiba moto wa mababu, wewe unatoka pangoni unamwambia, "Rudi ulikotoka. Hapa si pako." Basi, maneno hayo tu. Lakini uliyafanyia mazoezi mpaka tukaugua. Uko kwenye jiwe la kusagia, "Rudi ulikotoka." Mbuzi akiingia bustanini, "Hapa si pako." Katekista alikuja kukusalimia akapewa yote mawili, akasimama mlangoni hajui aingie au aondoke. Na lile "pako" ulikuwa unalivuta na kulipandisha mwishoni, kama unamwita mtu wa ng'ambo ya mto ambaye anajifanya hasikii. Kijiji kizima kiliiga. Watoto wakitoka shule wanaiga. Mzee Shija, yule jirani yetu Msukuma wa kule bondeni, alikuwa akiwaambia ng'ombe wake. Mimi peke yangu sikuwahi kuiga. Mimi nilikuwa nakuambia, "Mama, basi jamani, tumesikia."

Hata Padre ulimwendea, kuuliza kama kuigiza mzimu ni dhambi. Akakuambia si dhambi, mradi usipae wakati wa misa. Ulirudi nyumbani unacheka njia nzima.

Kisha ikaja siku ya ungo. Hapo ndipo ninapotaka tugombane, Mama, na huwezi kunijibu, na hilo nalo linaniudhi.

Dairekta alisema sasa Mlinzi wa Pango ataruka. Mambo ya angani watayatengeneza wenyewe huko Dar, wewe kaa tu juu ya ungo wakupige picha. Wa kwao ulikuwa na tundu, kwa hiyo ukaenda kuuchukua wako ukutani. Ukauweka chini. Ukautazama, halafu ukamtazama yeye. "Ungo wa kupepetea ulezi niukalie kwa makalio haya? Halafu watu wale ugali?" Akakubembeleza. Akasema ni uongo tu, ni sinema. Ukamwambia, "Sinema itaondoka na wewe. Ungo unabaki na mimi." Ukauokota, ukaupangusa kwa kanga, ukaurudisha kwenye msumari wake. Wakakupiga picha umesimama tu mlangoni pa pango, unasema maneno yako, na uliyasema vizuri, mwili ulinisisimka. Lakini Dairekta alikuwa amenuna, nilimwona.

Ulipokwisha kuzikwa, zikapita mvua na mavuno, ndipo mkanda ukafika Majengo kwa Sikstus mwenye banda la video. Sikstus akazunguka mitaani na baiskeli na kipaza sauti: "Njoo uone Sumbawanga ambayo hujawahi kuiona!" Hapo hakusema uongo. Tulipanda lori nusu ya kijiji, tumevaa nguo za Pasaka, mchana kweupe, akina mama wamebeba watoto waje wakuone. Banda lilijaa mpaka watu wakakalia kreti za soda. Juu ya kasha la mkanda wamechora nyoka wa vichwa viwili anatema moto. Nyoka huyo hatujamwona mpaka leo. Nadhani alibaki kwenye kasha.

Sikstus akawasha jenereta, picha ikaanza. Yakatokea maandishi, "Sumbawanga, zamani za kale." Na nyuma ya maandishi, minazi. Minazi, Mama! Na mchanga mweupe kama chumvi. Mtu akauliza kwa sauti, "Hiyo ni Sumbawanga ya wapi?" na banda likaanza kunung'unika wakati filamu haijaanza hata kutembea. Mfalme wa mizimu kajipaka unga usoni, saa ya mkononi hakuvua. Radi yao ilikuwa mikwaruzo juu ya kioo. Sisi radi tunaijua, imetuulia ng'ombe na watu, halafu mtu anatuletea mikwaruzo! Mizimu yenyewe inaongea Kiswahili cha baa.

Mzee Shija alikuja kwa ajili ya dume lake jeusi. Si unakumbuka aliwaazima, wakamwahidi kwamba dume litageuka mtu? Alikuja na wake zake na fimbo yake, akakaa mbele kabisa. Basi dume jeusi likaingia nyuma ya mwamba, huku kwetu, na upande wa pili wa mwamba akatokea ng'ombe mwekundu, kwenye minazi, ndipo huyo akageuka mtu. Mzee Shija akasimama. "Huyo si wangu." Akakaa. Baada ya kitambo akasimama tena, "Na pembe za langu ni nzuri kuliko hizo." Watu walicheka mpaka machozi yakawatoka. Mimi sikucheka, nilikuwa nakusubiri wewe.

Pango likatokea. Pango letu la kweli, na ule mti wake uliopinda. Watu wakanyamazishana, shii, shii, anakuja Mama Beatha. Mtoto mmoja akaanza kulia, akanyonyeshwa haraka. Akatoka msichana, Mama. Msichana wa Dar, nywele za bandia, hereni mpaka mabegani, kakalia ungo, na kamba ya manila inaonekana hadi fundo lake. Anapaa huku kashikilia kingo kwa woga. Akafungua mdomo, "Rudi ulikotoka, hapa si pako," haraka haraka, kama karani aliyechoka anavyokuambia njoo kesho.

Banda likalipuka. "Siyo hivyo!" Wakaanza kumfundisha! Watu wazima na akili zao wanaifundisha TV. Mmoja anasema hivi, mwingine anasema hapana, Mama Beatha alikuwa anavuta mwisho, sikiliza, mwingine anasema hapana, anavuta kisha anapandisha. Kila mtu aliisema yake. Hata Sikstus aliisema kwa kipaza sauti, na Sikstus hakuwahi kukusikia. Wakanigeukia mimi, "Beatha, wewe ni mwanawe, nani kapatia?"

Hapo ndipo nilipoogopa. Nilitaka kukusikia kichwani ili niwajibu, na sikukusikia. Sura yako ninayo. Mikono yako ninayo, hadi ule ukucha uliopasuliwa na mlango wa kanisa. Sauti haikuwepo. Nikatafuta nyingine, ya kuniita kutoka shambani, ya kusali, ya kunigombeza, nazo zilikuwa zinaniponyoka. Nilikaa pale katikati ya kelele nikasema moyoni, basi, nimefiwa mara ya pili.

Filamu ilikuwa inakwisha na watu wanadai kiingilio chao ndipo ukatokea. Shujaa kapiga magoti anaiomba mizimu, macho yamemtoka, na nyuma yake, mbali, uani kwetu, ni wewe. Hukujua kama kamera inakuona. Unapepeta. Kuku wanapanda kwenye mkeka wa ulezi, unaweka ungo chini, unainama kuvua kandambili, unamrushia yule mwekundu, na inampata! Unacheka. Mdomo wako unakwenda, unamtukana, na sisi wote tunajua unamwambia nini, lakini juu yako wamepiga ngoma na kinanda. Sauti hakuna. Halafu shujaa anasimama, anakuziba kwa mgongo wake mpana, na hatukuoni tena.

Watu walisimama, Mama. Walipiga makofi na vigelegele kwa kuku. Sikstus akarudisha nyuma bila kuombwa, na tena, na tena, na Kaspari akalia hadharani na suti yake. Katika filamu nzima ya maajabu, hicho ndicho kipande pekee watu walichoamini. Lakini mimi nilitoka pale nimekasirika, na nakwambia wazi, nilikukasirikia wewe. Ungekaa! Ungekalia ule ungo kidogo tu, ukainuka, ukauosha, tungekuwa na uso wako wote na maneno yako yote. Kwa ajili ya ungo! Mama wa watu ana msimamo kuliko askofu, kwa ajili ya ungo.

Sikstus aliniachia ule mkanda, kasema hana hamu nao. Lakini kwetu hakuna deki wala umeme, kwa hiyo kila nikifika Majengo napita kwake ananiwekea. Rudisha, cheza, rudisha, cheza. Sasa pale pale unapoinama kuvua kandambili pameingia chenga. Mistari myeupe inakukata kiunoni, kila safari inazidi. Sikstus akaniambia, "Beatha, unammaliza mwenyewe." Nikamwambia afunge domo lake, na nikajua anasema kweli.

Basi juzi Dairekta karudi. Hana hata aibu, kapiga honi, kaegesha, safari hii si juu ya ulezi. Ametoa pole, ameketi, amekunywa chai yetu. Anasema sehemu ya kwanza imeuzika sana huko Dar. Nikamuuliza imewapendeza nini. Akasema, "Ungo kupaa. Dada, watu wanataka kuona kile walichokuja nacho kichwani." Nikamuuliza, na sisi je, sisi hatuna vichwa? Akacheka, akadhani namtania. Anatengeneza sehemu ya pili. Anasema nina pua yako na mabega yako, niwe mzimu wa Mlinzi wa Pango. Na wakati wote huo macho yake yako ukutani kwenye ungo wako, maana anataka ungo uliotumika, wa kienyeji, si wa kununua njiani.

Nikamuuliza zile picha zako ukisema maneno ziko wapi. Akasema hakuzifuta. Zipo kabatini, uso karibu, sauti safi kabisa. Halafu akaniambia, taratibu, kama mtu anayepanga bei ya gunia: nikalie ungo, ataniletea mkanda.

Siku nzima nilizunguka hapa uani sifanyi kitu cha maana. Kaspari akanifuata, "Dada, kaa tu. Ni ungo. Tutasuka mwingine." Nikamwambia wewe hujui. Akaniambia, "Nami nataka kumsikia." Hapo akanikata maini, kwa sababu nilidhani ni mimi peke yangu niliyekusahau sauti. Kumbe naye anahangaika kimya kimya, na ndiyo maana kila siku ananiambia niachane nayo.

Nikakata shauri nikae. Usinitazame hivyo. Nilikata shauri kabisa.

Asubuhi wakaja na kamera yao na sanduku la vyombo vya sauti. Nimevaa kitenge chako. Nikautoa ungo ukutani, nikauweka chini pale pale ulipouweka wewe. Pale ulipokuwa ukiushikia pamepauka na kulainika, panaingia mkono wako mmoja, na wangu unaingia vilevile. Kwenye msuko kulikuwa bado na punje za ulezi zimenasa. Za kwako, maana sijapepetea ungo huo tangu uondoke. Nikaanza kuzitoa kwa kucha, moja moja, naziweka kiganjani. Dairekta akasema, "Dada, kitambo tu, kaa." Nikasema ngoja. Akasema jua linakimbia. Nikasema ngoja. Akatupa mikono, akasema, "Tazama, ni hivi tu, ni rahisi," akauvuta ungo wako, akageuka, akashusha makalio yake na suruali yake ya jinzi.

"Rudi ulikotoka. Hapa si pako!"

Sikupanga, Mama. Haki ya Mungu sikupanga. Sijawahi kuyasema maneno hayo hata siku moja, wewe ni shahidi. Yalitoka tu, na lile la mwisho likajivuta lenyewe, likapanda, likaenda mpaka ng'ambo ya bonde likarudi. Kuku walitawanyika wote. Dairekta aliruka juu, hapo ndipo nilipomwona mtu wa Dar anapaa. Na Kaspari akatoka jikoni mbio, ana unga mikononi, macho yanatafuta uani kote, akaita, "Mama?"

Aliita hivyo. Halafu akaniona ni mimi, akakaa chini kwenye kizingiti akafunika uso na unga wake.

Dairekta akadakia, maana hana adabu. "Hiyo hiyo! Mmerekodi? Dada, rudia hiyo, rudia!" Sikurudia. Niliokota ungo, nikaupangusa, nikautundika. Akabembeleza, akakasirika, akasema basi na mkanda sahau. Nikamwambia chai yake imekwisha. Wakaondoka na vumbi lao.

Kwa hiyo mkanda wako sina. Nataka ujue kwamba bado inaniuma, sijawa mtakatifu. Uso wako wa karibu umefungiwa kwenye kabati la mtu asiyekujali, na siku akikosa mkanda wa kurekodia harusi atakufuta. Nikilikumbuka hilo natamani kulia, na jana nililia. Na wewe bado nakulaumu kidogo. Lakini nilipokuwa peke yangu jikoni niliyasema tena, kwa sauti ya chini, kuona kama ilikuwa bahati tu. Haikuwa bahati. Imekaa hapa kooni mwangu kama mtu aliyehamia zamani, anangoja tu nikasirike vya kutosha.

Ule mkanda wa kuku nimeufunga ndani ya kanga yako na kuuweka sandukuni. Sitaupeleka tena kwa Sikstus kila safari na kuuchakaza. Kaspari akioa, mkewe atauona mara moja, na watoto wao mara moja, nami nitakaa pembeni niseme yale uliyokuwa unamwambia yule kuku, maneno yote, hata yale ambayo Padre hakupaswa kuyasikia. Hilo nakuahidi. Na ungo hautakaliwa na mtu, awe wa Dar, awe mzimu, awe Kaspari amechoka.

Pumzika, Mama. Naishia hapa kwa sababu wamepanda tena juu ya ulezi, nawaona kutoka hapa nilipokaa, na tayari nimevua kandambili. Ukisikia kelele huko uliko usishtuke, si wewe. Ni mimi.

Mwanao,
Beatha